Mashine ya Mama Godelieve: Barua Kumi na Moja

Kidole cha Tata Mukuna tulikiacha juu ya kitufe wiki iliyopita, na wapo wasomaji walionisimamisha sokoni Dilala kuniuliza kama kimekwisha kushuka. Kinashuka leo. Tulieni.

Kwa aliyefungia maandazi gazeti lililopita, haya ndiyo aliyoyakosa. Mama Godelieve ana ofisi ya kuandikia watu barua, sebuleni kwake, katika moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Kibao cha mlangoni kinasema SECRÉTARIAT PUBLIC LA CONFIANCE, yaani Uaminifu. Fundi Gael alimwekea kwenye kompyuta programu mpya ya kutafuta: unaandika neno, nayo inakuletea kila barua yenye neno hilo, hata ya miaka kumi nyuma.

Mama Godelieve aliifurahia sana. Aliifurahia mpaka akamsogezea kibodi Tata Mukuna, rais wa kooperative ya wachimbaji, aliyekuja kuchukua hotuba yake ya sikukuu. "Andika jina yoyote, Tata, utaona." Mdomo uliponza kichwa.

Tata Mukuna aliandika jina lake mwenyewe. Watu wakubwa wengi huanzia hapo.

Na kwenye benchi, hatua tatu nyuma yake, alikaa Mechack wa shimo la saba, aliyekuja kuchukua kadi yake ya mchimbaji iliyotiwa plastiki. Mechack ni mteja wa kila mwezi. Humwandikia mama yake huko Mutshatsha, mwanamke asiyetaka simu kwa sababu simu, anasema, haiwekwi chini ya mto. Lakini Alhamisi alikuja na barua ya aina nyingine: kwa inspection ya mines, ofisi ya serikali inayokagua migodi, kuomba shimo la saba lifungwe kabla halijaua watu. Hakutia jina. Mchimbaji anayejulikana kwamba ameandikia inspection hapati tena shimo la kushuka, kutoka Kolwezi mpaka Tenke, na Mechack hana kazi nyingine.

Mama Godelieve aliifuta barua ile mbele ya macho yake. "Jina yako itabakia mu kinywa yangu," alimwambia. Nakala iliyotoka kwenye mashine Mechack aliikunja, akaitia ndani ya koti. Ingali humo. Ujasiri wa kuipeleka haujafika.

Basi, kidole kikashuka.

Mashine haikuchukua hata sekunde. Barua kumi na moja.

"Kumi na moya," alisema Tata Mukuna, akavuta kiti karibu. "Bantu banatumika sana na jina yangu."

"Ni ma discours yako tu, Tata. Ile ya mwaka jana ni ya kwanza pale. Nikutolee, tumalize?"

"Apana. Ninasoma yote."

Akaweka miwani. Tata Mukuna husoma kwa sauti, kama anayesoma somo la kwanza kanisani, na hapokei msaada.

Barua ya kwanza na ya pili zilikuwa hotuba zake za sikukuu ya Sainte Barbe, mtakatifu msimamizi wa wachimbaji. Zilifanana neno kwa neno, ila mwaka.

"Muzuri," alisema. "Muntu hapashwi kubadilika-badilika."

Ya tatu ilikwenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa. Majirani sita walilalamika juu ya groupe ya Tata Mukuna, jenereta inayonguruma saa ya sala mpaka Mungu hasikii. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Tata Nkulu, rafiki yake wa miaka thelathini.

"Nkulu alikula kwangu juzi."

"Alikula muzuri?" aliuliza Mama Godelieve.

"Alikula mara mbili."

Ya nne ilikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: HOTUBA YA MATANGA YA TATA MUKUNA.

Tata Mukuna alikisoma kichwa hicho mara mbili. Akajigusa mkono, kama mtu anayehakikisha.

"Mama Godelieve. Nilikufa wakati gani?"

"Mu mwezi wa tatu, Tata. Ni kusema, haukukufa. Ulikuwa ku hopitali, docteur akasema maneno, na Tata Nkulu akakuja hapa mbio. Alitaka kuwa tayari."

"Nkulu tena."

"Alilia, Tata. Alikuwa analia wakati tunaandika."

Akaisoma. "'Mukuna alikuwa muntu wa kusikiliza wadogo. Mulango wake haukufungwa.'" Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati, akairudisha. "Hii iliandikwa muzuri. Nitolee moya."

Mashine ikatoa nakala. Marehemu akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, pale anapoweka kalamu yake.

Wakati huo Mama Godelieve alikuwa anaomba umeme ukatike. Katika Dilala umeme hukatika bila kuombwa, asubuhi na mchana, siku ya kazi na siku ya ubatizo. Siku hiyo uliamua kufanya kazi. Basi mama akaenda ukutani kana kwamba anafagia, akavuta waya kwa kisigino.

Taa ikazimika. Kioo cha kompyuta kikabaki kinang'aa. Chini ya meza sanduku jeusi likalia bip, bip, bip. Betri, zawadi ya Gael.

"Waya imetoka," alisema Tata Mukuna bila kugeuka. "Rudisha, isiharibike."

Akarudisha.

Barua ya tano mpaka ya nane zilikuwa mialiko ya harusi, ambamo Tata Mukuna alitajwa kati ya wageni wa heshima. Alizisoma zote, na wali wa harusi moja akaukumbuka kwa uchungu, maana haukumfikia. Mama Godelieve alitumia nafasi hiyo kuingia jikoni na simu.

"Gael, namna gani tunasimamisha hii kintu?"

"Kintu gani, Mama?"

"Ile ya kutafuta! Na barua yenye nilifuta, inaweza kuonekana?"

"Ulifuta barua, Mama. Lakini mashine yenyewe ilishaisoma mbele ufute. Yenye ilisoma, inachungaka."

"Sasa ju ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama. Nilisema, hii haitasahau kintu ata kimoya. Ukapiga bikofi."

Ni kweli, alipiga. Mimi niliwaandikia wiki mbili zilizopita, na hakuna msomaji aliyemwonya.

Aliporudi sebuleni, Tata Mukuna alikuwa ameanza ya tisa.

"'Tunalomba mufunge shimo ya saba. Kuko ufa inapita ku dari tangu mvua ya kwanza. Nguzo ya tatu ilivunjika, na pahali yake tuliweka miguu ya kitanda ya chuma. Tunashuka bantu kumi na tisa. Tunawaza hii habari haiyamufikia Tata Président Mukuna, maana yeye ni muzazi. Angeyua, hangetuacha.'"

Sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Kwenye benchi Mechack alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kwake. Angetoka, angeitwa kwa jina. Angebaki, angeitwa pia. Alibaki.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Tata Mukuna.

"Haina jina, Tata."

"Iko na jina. Ni hii hapa yulu."

Mama Godelieve akainama kutazama. Juu ya barua, kwa maandishi madogo, mashine ilikuwa imeandika: TATIANA MUKUNA.

Mke wake.

Hapa lazima niwaeleze jinsi Mama Godelieve anavyofanya kazi, maana bila hilo mtamshuku mtu asiye na kosa. Mama huyu hajafungua ukurasa mpya tangu anunue mashine. Anachukua barua ya mteja aliyetangulia, anaifuta tumbo, anaacha tarehe na salamu, kisha anajaza maneno ya mteja mpya. Ukurasa mpya, anasema, ni kuanza maisha upya kila saa. Baadaye ndipo anaipa barua jina la mteja mpya.

Alhamisi, mteja aliyemtangulia Mechack alikuwa Mama Tatiana, aliyeomba parokiani cheti cha ubatizo. Maneno ya Mechack yalizaliwa ndani ya barua ya Mama Tatiana. Kabla hayajapewa jina yalifutwa, na katika dakika hizo chache mashine ilikuwa imekwisha kuyasoma na kuyaweka, chini ya jina ililolikuta.

Mama Godelieve aliyaona yote kwa mara moja. Akieleza kosa, swali la pili litakuwa: basi nani alikaa kwenye kiti hiki Alhamisi? Akinyamaza, nyumba ya mwanamke mwenzake itavunjika kwa barua asiyoiandika. Aliogopa, na aliona haya, na vyote viwili vilikuwa haki yake.

"Ni mi niliandika, Tata," alisema.

"We? Ulishaka kushuka mu shimo?"

"Apana."

"Ulishaona ufa?"

"Niko na moya mu douche ya kuogea."

"Mama Godelieve, usinibembeleze kama mutoto." Tata Mukuna alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Na haikuandikwa na creuseur, muchimbaji. Creuseur hasemake 'yeye ni muzazi'. Creuseur ananitukanaka. Na ile ya kitanda, mi mwenyewe njo niliielezea bibi yangu, ku meza, tuko bawili tu. Tulicheka."

Nyuma yake kofia ya Mechack ilipanda taratibu.

Tata Mukuna hakujua alichokwisha kusema. Mechack alikijua. Alhamisi Mama Godelieve alimshauri aondoe yale maneno ya mzazi, akakataa. Aliamini habari haijamfikia mkubwa, aliamini kabisa. Sasa alimsikia mkubwa mwenyewe, kwa kinywa chake, akisema ilimfikia na akacheka. Ilimuuma kuliko kama angeambiwa amefukuzwa.

Tata Mukuna akampigia mke wake simu. Mama Tatiana huuza vitenge barabara ya pili kutoka pale, na taxi-moto ya Dilala, ile pikipiki ya abiria, haijui kuchelewa isipokuwa ikiitwa na mgonjwa. Baada ya dakika nane aliingia, mkoba mkononi, akamsalimu Mama Godelieve, akamsalimu na yule wa benchi.

"Soma," alisema mume wake.

Alisoma akiwa amesimama. Alifika mwisho, akarudi katikati, akasoma tena sehemu moja.

"Ile kitanda ingali pale?" aliuliza.

"Jibu mbele. Ni we uliandika?"

"Siku ya kwanza, Jumatatu, banashuka tena?"

"Siku ya kwanza ni kazi, banashuka. Tatiana, ni we?"

Mama Godelieve hakuvumilia. "Mama Tatiana, ile siku ulikuja ju ya ubatizo, na mi nikachukua barua yako nika..."

"Mama Godelieve, nyamaza kidogo," alisema Mama Tatiana, kwa heshima.

Akauweka mkoba chini. Akatazama kioo mara ya mwisho. Kisha akamtazama mume wake.

"Ndiyo. Ni mi."

Tata Mukuna alikuwa amelidai jibu hilo kwa nusu saa, na sasa alipolipata hakuwa amelitayarishia mahali pa kuliweka.

"Ju ya nini?" alisema mwisho.

"Ju ile siku ku meza ulinielezea, na mi nikacheka na we. Halafu nikaenda kulala, pa kitanda yangu yenye miguu yote ine. Sikupata usingizi. Nilisikia haya, Mukuna. Nasikia mpaka leo." Akageuka. "Mama Godelieve, nitolee ile barua. Nilisahau kintu."

Mashine ikatoa. Mama Tatiana akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kutoka mfuko wa shati la mume wake, akaandika chini ya barua jina lake lote, taratibu, kama anavyotia sahihi kwenye cheti cha mtoto.

"Siku ya kwanza asubui nitaipeleka mi mwenyewe. Mbele bashuke."

Akairudisha kalamu mezani. Tata Mukuna akaichukua, akaifunika kifuniko chake, akairudisha mfukoni. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Mechack alipiga hesabu. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri kuliko alivyostahili kutumaini. Barua imepata jina, na jina si lake. Jumatatu atakuwa na kadi yake mpya na shimo jingine la kushuka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya hakuhitaji masomo.

Lakini Tata Mukuna hakuwa rais wa kooperative kwa kuchaguliwa tu. Alikuwa bado anatazama kioo.

"Ufa," alisema.

"Ufa gani?" aliuliza mke wake.

"Nilikuelezea kitanda. Ufa sikukuelezea. Mi mwenyewe ninausikia hapa mara ya kwanza." Akavuta kibodi. "Bibi yangu, we ni muntu muzuri sana. Sasa tuone nani mwingine anayua habari ya kitanda."

"Tata, mashine imechoka," alisema Mama Godelieve.

"Haichokake. Uliniambia."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na kila mtu chumbani alizisoma zikitokea: miguu ya kitanda.

Hata sekunde moja haikupita. Barua mbili.

Ya kwanza ilikuwa ile ile. Ya pili ilikuwa ya mwezi uliopita. Haikwenda inspection, wala kwa chef, wala kwa askofu. Ilikwenda Mutshatsha.

"'Mama yangu mupenzi,'" alisoma Tata Mukuna kwa sauti yake ya kanisani. "'Usiogope ju yangu. Yulu ya kichwa yetu tuliweka miguu ya kitanda...'"

Kioo kiliishia hapo. Jina lilikuwa chini, mistari miwili tu, na mkono wa Tata Mukuna ulikuwa tayari kwenye kipanya ili alifikie.

Mama Godelieve akaweka kiganja chake katikati ya kioo, vidole vitano vimetanuka.

"Tata, ile ni ya muntu na mama yake."

"Toa mukono."

"Apana."

Miaka kumi na minne katika biashara hii, na lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo alilomwambia mteja. Hakuna aliyeshangaa kuliko yeye.

"Mama Godelieve, toa mukono," alisema Tata Mukuna tena.

"'...ile kitanda ulinipatia siku niliondoka ku nyumba,'" ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Wote watatu waligeuka. Mechack alikuwa amesimama, kofia mkononi. Barua zake zote kwa mama yake anazijua kwa moyo, maana huzirudia njiani ili asisahau kitu afikapo ofisini.

"'Sasa njo inatushikilia. Mi ninalalaka chini, lakini si baridi. Unilombee. Mutoto wako, Mechack.'"

Mama Tatiana alijifunika mdomo kwa kitenge.

Mechack akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa tangu Alhamisi, akaifungua juu ya meza na kuinyoosha kwa ngumi. Chini, mahali pa jina, palikuwa peupe.

"Mama Tatiana, aksanti sana," alisema. "Sasa nalomba kalamu."

Mama Tatiana alitazama mezani. Mama Godelieve alitazama mezani. Mama Godelieve huandika kwa mashine tu, hivyo kalamu moja tu ilikuwamo ofisini mle, nayo ilikuwa mfukoni mwa Tata Mukuna, pamoja na hotuba ile inayosema mlango wake haukufungwa kwa wadogo.

Mechack akamnyooshea mkono.